Swichi Iliyoshuka Mara Saba

Ta! Swichi kuu ya umeme ikashuka, mara ya sita wiki hiyo. Spika zikakata kauli katikati ya gitaa. Friji likakohoa, likanyamaza. Fundi Redio akabaki amepiga magoti sebuleni kwake, nyuma ya spika mbili ndefu kama makabati, bisibisi mdomoni.

Haikuwa aibu ndogo. Mtu aliyefufua redio za mtaa mzima kwa miaka arobaini, mojawapo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimezwa na ng'ombe ikatoka inasoma taarifa ya habari! Na mkewe alishatoa hukumu: spika zikizima nyumba tena, Jumamosi kaka yake anakuja na mkokoteni kuzibeba. Leo ndiyo Jumamosi, na shemeji yule hajawahi kuchelewa penye cha bure.

Fundi alishabadilisha plagi, waya na fyuzi. Spika zilikuwa nzima kama yai. Ndipo akakumbuka: jana mama watoto alipokwenda kusukwa nywele, muziki ulilia saa tatu bila kukatika. Aliporudi tu, ta.

Akapandisha swichi, akafungulia sauti hadi kumi, akanyatia chumbani kwa soksi. Kabla hajafika mlangoni, ta. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, kama mgeni anayengoja chai. Miguuni pake pasi ya umeme, imechomekwa ukutani, ya moto, mzigo ambao swichi haikuweza kuubeba pamoja na spika. Nguo ya kunyoosha, hata leso, hakuna.

"Mama watoto, unapiga pasi hewa?"

Mkewe hakuinua macho. "Redio za watu umezisikiliza miaka arobaini, ukajua kila moja inaumwa wapi. Mimi nikikuita kutoka jikoni, unasikia?"

Fundi akajikuna kisogo.

Nje mkokoteni ukakwaruza lango. Shemeji akapiga hodi. Fundi akarudi sebuleni, akazungusha sauti kutoka kumi hadi mbili, akapandisha swichi iliyokuwa ukutani nje ya chumba. Gitaa likarudi likinong'ona. Akarudi chumbani, akavua shati, akamkabidhi mkewe.

"Hodi jamani!"

"Ngoja kwanza, kaka," mkewe akasema, bila kupaza sauti.

Akalitandika shati kitandani. Taa nyekundu ya pasi ikawaka. Pasi ikaanza kupanda taratibu kwenye kola, na wote wawili, shingo wamezipinda, macho yao yalikuwa kwenye ile swichi nje ya mlango.