Harufu ya Mguu wa Zuberi

Aicha alisikia harufu kabla hajamwona mtu. Pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, nyuma ya soko la Kasongo, na upepo ukaleta uvundo kama wa panya aliyefia chini ya gunia la mihogo. Akaacha kukanda unga wa mandazi, akatoka ameziba pua kwa pindo la kikwembe alichojifunga.

Dereva alikuwa anamshusha Zuberi kama mzigo. Ni yaya wake, kaka mkubwa wa tumbo moja. Alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu Lusangi, wasichana walikuwa wakigeuka kumtazama anavyotembea. Sasa mguu wa kushoto ulikuwa mnene kama shina la mgomba toka goti hadi vidoleni, na ngozi imeota mabonge kama mgongo wa chura. Matambara aliyoufungia yalitota maji ya manjano. Nzi walikuja naye.

"Karibu, yaya," Aicha alisema, huku mate yakimjaa kinywani. Hakumkumbatia.

Alimpa chumba cha mwisho, lakini harufu haikujua milango. Watu walizoea kununua mandazi kwa Aicha kwa sababu ya usafi wake; haikupita juma, wakaanza kununua kwingine. Jirani yake Mwamvita, mama wa makamo asiyeficha neno, alimrudishia mandazi mkononi.

"Binti yangu, usikasirike. Mandazi yako iko nanuka muguu."

Aicha aliingia ndani kwa hasira. "Yaya, uliufanya nini huu muguu?"

Zuberi alitazama ukuta. "Mufumu, muganga wa kule, alisema nilikanyaga dawa ya mutu mwenye wivu. Akanichanja na wembe, akapaka majivu na mavi ya mbuzi. Akanikataza maji."

"Mavi! Juu ya kidonda!"

Aicha akatoka nje kutema mate.

Asubuhi moja alimkuta yaya anatetemeka kwa homa, mguu umekuwa mwekundu na wa moto. Akaita pikipiki, wakaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Emilienne, mama mnene, mpole. Alikata matambara kwa mkasi. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, laini kama muhogo uliolowekwa, na ndani ya chale moja ya wembe funza alijinyonganyonga, akatoka.

Aicha alikimbia akatapika nyuma ya ukuta. Aliporudi, Emilienne alikuwa ameshaanza kuosha.

"Papa Zuberi, huu si uchawi," alikuwa anasema. "Ni minyoo midogo sana, mbu ndio wanaileta. Inaharibu njia za maji ya mwili, maji inabaki mu muguu, unavimba. Sitakudanganya: hautarudi kuwa kama zamani. Lakini hii harufu inatoka mu vidonda na mu mikunjo yenye uchafu. Hiyo inaisha."

"Kwa sindano gani?"

"Leo nakupa dawa ya homa, na unapumzika. Kisha ni sabuni na maji safi kila siku, maisha yote. Unakausha vizuri, zaidi kati ya vidole. Ukikaa, muguu unakuwa juu. Na wembe usiuguse tena." Akamgeukia Aicha. "Vidole hafikii. Utamusaidia."

"Mimi siwezi," Aicha alisema, mbele ya yaya wake mwenyewe. Zuberi akafumba macho.

Emilienne hakumgombeza. "Hata mimi moyo unanichafuka, mama. Miaka yote hii sijazoea. Ufunge kitambaa puani, lakini umuoshe."

Homa ilipotulia, Aicha aliweka beseni uani, akafunga kitambaa puani. Alipitisha sabuni kwenye mikunjo mmoja mmoja, na vipande vya ngozi vilielea majini kama makapi. Alimchukia mfumu. Aliuchukia mguu. Siku ile alimchukia na mwenye mguu.

"Uangalie pembeni," Zuberi alisema kwa aibu.

"Nikiangalia pembeni nitaacha uchafu. Kwa nini hukunawa? Ni mufumu tu?"

"Hapana. Nilikuwa naogopa kuugusa. Ulikuwa unanichefua, mudogo wangu. Muguu wangu mwenyewe."

Aicha aliinua uso. Tangu afike, hakuwahi kufikiri kwamba yule anayenuka naye alikuwa na pua. Akakamua kitambaa, akaendelea.

Kesho yake alimpa Zuberi kitambaa. "Ni muguu wako. Uanze, nitamalizia."

Zuberi aliinama, akagusa mkunjo wa kwanza, akajikuta anatapika pembeni ya beseni. Aicha akatapika naye. Wakatazamana, machozi yakiwatoka, na wa kwanza kucheka alikuwa Zuberi.

Vidonda vilifunga polepole. Zuberi alijifunza kulala mguu ukiwa juu ya magunia yaliyokunjwa, na akikaa barazani kuchambua mchele alipandisha na kushusha kisigino, zoezi alilofundishwa na Emilienne. Wakati mmoja alichoka, akaacha kuosha, na homa ikamwangusha tena. Aicha alimsema mpaka majirani wakasikia. Zuberi hakuacha tena kuosha. Mguu umepungua kidogo, bado ni mnene, na sokoni wapo wanaomkwepa. Lakini haunuki.

Sasa sehemu kubwa anaiosha mwenyewe. Vidole viwili vya mwisho tu havifikii, na hivyo ni kazi ya Aicha. Mpaka leo, anapopitisha kitambaa kikavu kati yake, hukunja uso, husonya, hukausha mpaka unyevu uishe, halafu huenda kunawa mikono mpaka viwikoni na kurudi kwenye unga wake.