Sahani ya Bi Shemsa

Mume wangu Muhiddin alikuwa karani wa mizigo bandarini, mtoto wa Malindi, mjini Unguja, aliyelelewa kwa wali. Mimi ni wa shamba, Makunduchi. Tangu anioe, ndugu zake hawakuacha kunitania kwa mtama wangu na kunde zangu, wakisema Kidawa anapika chakula cha kuku. Nilikuwa nikicheka nao, na moyoni nikichukia.

Mwaka wa sabini na moja akashikwa na maradhi ya sukari. Alichomwa na msumari kwenye kidole cha mguu, na kidonda hakikufunga. Daktari akaniita kando, akanambia nimwachishe wali, halua na chai ya sukari, nimpe mtama, kunde, mboga za majani na samaki wa kuchoma.

"Kama wanavyokula watu wa shamba," alisema. "La sivyo, mguu utakatwa."

Sitasema uongo, nilirudi nyumbani nimefurahi. Mume mgonjwa, nami natembea kichwa juu. Kaka yangu akaniletea pakacha la kunde na mtama. Nikausaga mtama mwenyewe, kunde nikazipika kwa bizari na ndimu, tui kidogo tu. Muhiddin alinung'unika mwanzoni, kisha akazoea. Kidonda kikaanza kukauka pembeni.

Halafu mtaa ukapata habari kwamba anaumwa.

Wakati ule mchele ulikuwa wa foleni. Watu walijipanga tangu alfajiri, na wengine walirudi na vikapu vitupu. Sasa mtu akijaaliwa kupata, na jirani yake mgonjwa, atampelekea nini kingine? Bi Shemsa wa nyumba ya pili ndiye aliyetangulia. Alikuja na sahani imefunikwa kawa, wali wa nazi, unanukia mpaka ngazini.

"Bi Shemsa, daktari kamkataza wali," nikamwambia.

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mgonjwa anakatazwa wali? Labda huko kwenu. Watu washaanza kusema, Kidawa, kwamba unamlisha mumeo mtama kwa ubahili."

Muhiddin akaita kutoka chumbani, "Nani huyo? Mwache aingie."

Akaula wote.

Mara ya pili niliipokea sahani, na Shemsa alipoondoka nikamfuata nayo kwake nimrudishie. Nikawakuta wanawe mkekani wanakula muhogo wa kuchemsha kwa chumvi. Wali wao wote nilikuwa nao mimi mkononi, na macho yao yaliufuata kila niliposogea.

"Vipi, haukumpendeza?" Shemsa akauliza.

Nikasema nimekuja kuomba ndimu ya kumkamulia. Akanipa, nikarudi na wali wake kwa Muhiddin.

Majirani wengine nao wakaanza kuleta. Nikamsihi Muhiddin akatae mwenyewe, maana mimi hawanisikii.

"Ntakataaje?" akanambia. "Wewe mwenyewe umenambia Shemsa kawanyima wanawe."

Kidonda kikafunguka tena, kikaanza kunuka. Kunde zangu zikawa zinalala chunguni. Daktari akanigombeza mimi. "Nlikwambia nini wewe?" Ningemjibu nini, kwamba mtaa mzima unampenda?

Wakaukata mguu, chini ya goti.

Asubuhi ya kwanza aliyoamkia nyumbani, Muhiddin akasema, "Kidawa, nipikie kunde zako." Hakuwahi kuniomba hivyo tangu anioe. Nikaenda jikoni nikalia, na katika kulia huko nilikuwa na furaha. Nikazipika kwa uangalifu, nikaonja chumvi mara kadhaa.

Zilikuwa ndiyo kwanza zimeiva, Shemsa akabisha hodi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio. Akaiweka sahani mbele ya Muhiddin, akaondoa kawa, akasimama pale pale ili amwone anakula.

Muhiddin akanitazama. Alikuwa anangoja niseme neno. Nikatazama sakafu. Akanawa mkono, akasema bismillahi, akala mpaka punje ya mwisho, na Shemsa akamwombea dua akaenda zake.

Nikaiosha ile sahani. Kwetu hatumrudishii jirani sahani tupu, na ndani hamkuwa na kitu kingine. Nikazipakua kunde za Muhiddin, nikazifunika kawa, nikampelekea Shemsa. Wanawe walizimaliza nikiwa bado nimesimama mlangoni.