Samaki Ndani ya Tonge

"Umeshampa, Mama Somphet, mbona mkono bado umo bakulini?"

Ndivyo Chansi alivyomuuliza jirani yake, Bualoi, asubuhi moja ya masika, mwanga ukiwa bado mchanga, mweupe kama maji ya kuoshea mchele, umetanda juu ya mto Mekong.

Bualoi akautoa mkono polepole. Alikuwa amepiga magoti kando ya barabara, kikapu cha wali wa kunata mapajani. Watawa walikuwa wakipita kupokea sadaka, miguu peku, kimya, mmoja nyuma ya mwenzake, mashuka yao rangi ya bizari. Wa mwisho alikuwa Somphet, mwanawe wa pekee, kichwa kimenyolewa, macho chini. Hakumtazama mama. Mtawa hatazami.

Alimzaa, akamnyonyesha, sasa anamwita baba, kama mtawa yeyote anavyoitwa. Alimwogesha, akamkanda, sasa hata ukucha wake haugusi. Mwanamke hamgusi mtawa, hata yule aliyembeba tumboni.

Somphet aliomba ruhusa ya kuwa mtawa msimu mmoja tu, amwombee marehemu baba yake. "Mvua zikikatika narudi, Mama, tuvune pamoja." Na Bualoi akalishika neno lile kama mtu anavyoishika kamba ya ndoo kisimani.

Jioni alikwenda hekaluni, akakaa na wanawake wenzake, wamefumba macho, mkuu wa watawa akiwaelekeza. "Fuateni pumzi. Ikija, jueni imekuja. Ikienda, jueni imekwenda. Msiivute, msiizuie."

Bualoi akaifuata. Ikaja, na Somphet ndani yake. Ikaenda, na Somphet akabaki kifuani.

Na kila alfajiri, akiufinyanga wali, tonge la mwanawe alilitia siri: kipande cha samaki wa kuchoma, mnofu wa tumboni usio na mwiba, kama alivyoupenda tangu utotoni. Matonge ya wengine wali mtupu. La Somphet, moyo wa mama.

Chansi, aliyekuwa akipeleka mboga hekaluni, ndiye aliyemletea habari, akicheka huku ameshika mbavu.

"Shoga yangu, unajisumbua bure! Mabakuli yote yanamwagwa sinia moja. Samaki wako anaokotwa na yule mtawa mzee, kibogoyo. Leo kaniambia wali wa mwaka huu una baraka, una minofu! Ananenepa huyo, mwanao anazidi kukonda!"

Bualoi akacheka naye. Chansi alipoondoka, akajiinamia mbele ya jiko, akalia mpaka moto ukazimika. Habari za sinia alizijua siku zote. Hakutaka kuzifikiria.

Kesho yake samaki aliingia katika matonge yote, mnofu mdogo mdogo, lakini kila mmoja akapata. La Somphet lilikuwa kubwa kidogo bado.

Mvua zikakatika. Mpunga ukainamisha vichwa. Somphet akaja nyumbani na mtawa mwenzake, aliyebaki kibarazani. Somphet akaketi, akatandaza kitambaa mbele yake, na Bualoi akaweka bilauri ya maji juu ya kitambaa kile, ili mikono isikutane.

"Mama, nilikuahidi msimu mmoja."

"Uliniahidi, baba."

"Moyo wangu umepata pa kukaa. Nataka kubaki kule maisha yangu yote. Lakini ukisema rudi, navua shuka hili leo leo, nachukua mundu."

Neno lilikuwa mdomoni. Rudi. Neno jepesi, lisilozidi pumzi moja. Akaiona nyumba ya mtu mmoja, chungu cha mtu mmoja, kikohozi kisicho na wa kukisikia.

Pumzi ikaja, akaijua. Hakuivuta, hakuizuia. Ikaenda.

"Kaa huko, mwanangu," akasema, na hilo mwanangu lilimponyoka. "Mpunga nitavuna na Chansi. Ana mdomo yule, lakini ana mikono pia."

Somphet akataka kucheka, macho yakajaa machozi. Mkono wake ukainuka kidogo kutoka gotini, ukarudi.

Bualoi akainama mbele yake mara tatu, kama ipasavyo, na ya tatu hakuinuka. Aliubandika uso sakafuni ili asionekane akilia. Akaona miguu tu: vumbi la njiani, kidole gumba, kovu la mundu ambalo yeye mwenyewe alilifunga likiwa bichi. Angenyoosha mkono kidogo tu angeligusa.

Miguu ikasimama. Ikasimama sana. Kisha ikageuka, ikavuka kizingiti, na ngazi ikalia, kipandio kwa kipandio, hadi chini.