Wembe wa Mzee Fiorenzo

Mzee Fiorenzo alijilaza kitandani pale maabara, Milano, suruali imekunjwa juu ya magoti, akichekacheka kama bwana harusi. Miaka sabini na miwili, na zaidi ya arobaini ameiishi juu ya baiskeli. Bintiye Ersilia, mtafiti wa hapo, alitafuta mzee mmoja mwenye afya, wa kulinganishwa na wagonjwa. Nani tena kama baba yake?

Kifaa chenyewe hakina sindano. Hubandikwa kwa tepe kwenye shavu la mguu, kikamulika mwanga hadi ndani ya msuli, kikaonyesha kwa mistari ya skrini damu inavyopita na oksijeni inavyotumika. Paja hubanwa kwa mkanda kama wa kupimia presha, kisha huachiwa, na damu ya mzima hurudi mbio.

Mguu wa kulia, damu ilirudi mbio. Wa kushoto ikajikokota.

"Tepe imelegea," Ersilia alisema. Akabandua, akabandika, akapima upya. Yale yale.

"Unanichelewesha, mama," mzee alisema. "Jumapili tunapanda mlima kwa baiskeli na wenzangu akina Gualtiero. Wakinitangulia, nitakulaumu wewe na taa zako."

Ersilia aliingiwa na wasiwasi, ila tepe ndiyo ilikuwa rahisi kulaumiwa. Akaufuta mguu kwa spiriti ili abandike mara ya tatu. "Angalau umenyoa vizuri," alisema, maana waendesha baiskeli ndio zao, kunyoa miguu.

"Huo wa kulia, ndiyo. Wa kushoto wembe umestaafu. Mwaka wa pili huu hauoti hata unywele. Uzee nao una faida zake."

Mkono wa Ersilia ukasimama. Mguu unaokosa damu huacha kuota nywele. Hilo alilijua kama jina lake. Kwa mzee mwingine, mkewe angeona mguu mmoja umepoteza nywele, akashtuka zamani. Kwa huyu, mguu laini ulikuwa fahari, na fahari ikaficha ugonjwa. Akaushika unyayo. Ulikuwa wa baridi.

"Baba, ukipanda mlima huumwi?"

Mzee akatazama dari. "Huwa nasimama kidogo pale kwa mwoka mikate."

"Kununua mkate?"

"Kuupumzisha mguu. Usimwambie mama yako."

Ersilia alitaka kulia, akajizuia. "Tulia hapo. Namwita daktari."

"Na Jumapili?"

Ersilia akanyanyua simu. Mzee aligeukia skrini, ule mstari wa mguu wa kushoto bado uko chini pale pale.

"Bandika tena, mama," akasema taratibu. "Pengine ni tepe."