Wadudu wa Njiti

Kitanda kilikuwa kimeshapanda kwenye pikapu, na kaka mtu alikuwa anakaza kamba ya godoro, pale dada yake alipokumbuka kopo lililobaki dirishani.

Dada huyo watu walimwita Bi Nyuzi. Miaka thelathini na miwili aliwafungia wavuvi chambo cha manyoya. Alikuwa akigeuza jiwe mtoni, anamkagua mdudu aliyejibana chini yake, kisha anarudi kwenye jiliwa lake la kubania ndoana na kumwiga kwa uzi na unyoya wa kuku, juu ya ndoana. Samaki trauti hadanganyiki ovyo. Mguu ukizidi mmoja, anakupa mgongo. Lakini tangu kiwanda cha rangi kielekeze bomba lake mtoni, chini ya mawe hapakuwa na kitu. Wadudu walikwisha, trauti wakabaki vichwa na miiba, wavuvi wakahamia kwingine. Bi Nyuzi aliendelea kufunga kwa kumbukumbu. Ndoana zilipomwishia akafungia kwenye njiti za kiberiti na kuwaweka wadudu hao koponi, mikono isije ikasahau.

Alipofungua kopo, wadudu wa njiti walitoka wakiwa hai. Walikausha mabawa ukingoni mwa dirisha, wakaelekea mtoni.

"Wameondoka," alisema.

"Wangapi?" kaka yake aliuliza, bado yuko na fundo lake.

"Wote."

"Basi una kopo tupu. Panda twende, mgongo wangu huu hauna dhamana."

Mtoni samaki walianza kuruka kuwadaka, chubwi, chubwi. Bi Nyuzi alisikiliza.

"Kaka, teremsha kitanda."

"Nimekipandisha peke yangu, dada."

"Ndiyo maana unakijua uzito wake. Teremsha, wana njaa hao."

Akanung'unika, akateremsha.

Siku hizi Bi Nyuzi anafunga wadudu mia tatu kutwa, na saa kumi na moja jioni anafungua dirisha. Trauti wamenenepa mpaka wanapigana vikumbo. Wavuvi wamerudi; wakikuta njiti tumboni mwa samaki, wanazitupa. Kaka mtu aliumwa mgongo wiki mbili, akapona, na sasa analeta viberiti kwa katoni huku akilalamika. Afisa wa mazingira alikuja, akapima samaki kwa rula, akaandika kwamba mto ni safi, akapandishwa cheo. Meneja wa kiwanda huvua kila Jumamosi. Picha yake akiwa amemkumbatia trauti imetundikwa getini. Mwezi uliopita kiwanda kiliongeza bomba la pili. Bi Nyuzi amebadilisha miwani, na sasa anafunga mia nne.