Tiki za Safu ya Nne

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi mratibu wa tathmini alifungua ofisi yake, akaning'iniza pochi nyuma ya mlango, akavuta faili la darasa la umeme na kukuta safu ya nne haina kitu. Ijumaa aliiacha imejaa. Wanafunzi walikuwa thelathini na mmoja, umahiri wa kupimwa ulikuwa sita, na mwalimu wa umeme alitia tiki zote kwa kalamu ya bluu. Safu nyingine tano zilikuwa vilevile. Ya nne ilikuwa nyeupe, wala haikuonyesha dalili ya kufutwa.

Safu hiyo ilikuwa na maneno haya juu yake: Mwanafunzi anaweza kuhakikisha kwamba waya hauna umeme kabla ya kuugusa.

Mratibu alimwita mwalimu wa umeme. Mwalimu alikuja na kalamu nyeusi, akalaumu kidogo kalamu za bei rahisi zinazonunuliwa na chuo, akatia tiki thelathini na moja upya, akaenda zake kunywa chai. Haikupita saa moja. Tiki ya kwanza ilijinyoosha, ikajibandua kwenye karatasi, ikashuka kwa mguu wa meza. Nyingine zikaifuata kwa mstari mmoja kama sisimizi walionusa sukari. Mratibu alivaa miwani akazifuata. Zilipita chini ya mlango, zikafuata ukuta wa ukumbini, zikapita vyoo na ubao wa matangazo, zikaingia stoo. Humo zilipanda kabati la chuma na kusimama kuzunguka tundu la ufunguo.

Mfagiaji alikuwepo tayari na kizoleo chake. Alisema Jumamosi alikuta za bluu hapohapo, akazizoa.

"Zinateleza kidogo," alisema, "ila zinazoleka."

Ndani ya kabati mlikuwa na mita kumi na mbili za kupimia umeme, zimekaa ndani ya maboksi yake mwaka wa tatu sasa. Ufunguo ulining'inia kiunoni mwa mkuu wa chuo. Mita zilikuwa za kuonyeshwa wakati wa ukaguzi tu. Katika ukaguzi wa miaka mitatu iliyopita moja ilikutwa na alama ya kidole chenye mafuta, chuo kikaandikiwa dosari, na tangu siku hiyo hakuna aliyezigusa. Mwalimu wa umeme alifanya alichoweza. Alichora mita na nyaya mbili ubaoni kwa chaki, mwanafunzi akapita mbele, akagusa waya kwa ncha ya penseli, mwalimu akauliza, "Umeme upo?" Mwanafunzi akajibu, "Haupo." Akapata tiki. Waya wa chaki hauna umeme, kwa hiyo miaka mitatu hakuna aliyekosa.

Mratibu aliyajua hayo, na asingeweza kusema hakuyajua. Chini ya kila fomu palikuwa na mstari usemao Nimeshuhudia, na miaka yote mitatu aliweka saini juu yake. Mwaka juzi mhitimu mmoja alirudi chuoni kuonyesha mkono wake ulivyounguzwa na umeme. Walimpa kiti na maji ya kunywa.

Mwaka huu kwenye mstari wa kwanza wa orodha alikuwa Machachari, binti wa mdogo wake. Jina hilo alipewa na bibi yake kabla hajajua kutembea, na hajawahi kulikana. Mkandarasi mmoja alikuwa amelichukua darasa zima, kutoa nyaya kuukuu na kuweka mpya kwenye jengo la ghorofa saba ambalo wapangaji wake hawakuhama na umeme wao hautakatwa. Kazi ilianza Jumatatu ijayo. Bila cheti, hakuna kazi. Bila saini ya mratibu, hakuna cheti.

Jumanne alikwenda kwa mkuu wa chuo kuomba ufunguo. Aliomba siku mbili tu, awapitishe wanafunzi wote. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimchosha mratibu. Alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za nyumbani, akamweleza kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi na mita lazima zikutwe kama zilivyotoka kiwandani. Baada ya ukaguzi wangeona. Mratibu alimkumbusha kwamba hata mwaka jana aliambiwa baada ya ukaguzi.

"Na mwaka jana tulipita," mkuu wa chuo alisema.

Habari ya tiki alikuwa nayo. Alifungua kabati lake la vitabu, akatoa mashine ya kufunika karatasi kwa plastiki na kumkabidhi. "Funika kombe, mwanaharamu apite," alisema. Mratibu aliipakata hadi ofisini, akamwita tena mwalimu, na kila fomu ilipotiwa tiki aliipitisha kwenye mashine kabla wino haujakauka. Tiki za safu ya nne zilibaki ndani. Zilizunguka zunguka chini ya plastiki, zikajibanza ukingoni, upande unaoelekea stoo.

Jioni hiyo mdogo wake alimpigia simu. Machachari alikuwa amekwisha kununua buti. Mratibu alimweleza habari za mita, za chaki na za kabati, akasema huenda asisaini.

"Dada," mdogo wake alisema, "mimi hayo ya chaki siyajui. Najua mwanangu amekaa miaka miwili bila kazi. Usituharibie."

Usiku huo hakulala vizuri, na Jumatano hakula kitu cha maana. Akisaini, anawapeleka watoto thelathini na mmoja kwenye nyaya wasizozijua. Asiposaini, anawarudisha vibarazani kwao, na wa kwanza ni wa damu yake. Aliamua kumwambia mkaguzi ukweli na kumwachia yeye aamue. Alijua kwamba huko ni kumtupia mwenzake mzigo, lakini alishachoka.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne, amevaa suti ya kijivu, ana faili moja jembamba. Mkuu wa chuo alifungua kabati. Mkaguzi alihesabu mita, akainua moja, akaitazama pande zote, akairudisha. Kisha alikaa ofisini kwa mratibu na fomu zilizofunikwa plastiki. Aliweka kidole kwenye safu ya nne, na tiki zikatawanyika chini ya kidole.

"Hizi zinatembea," alisema.

"Zinatembea," mratibu alijibu.

"Zinatoka nje ya karatasi?"

"Sasa hivi hapana."

Mkaguzi aliandika kitu. Kisha akauliza safu hiyo ilipimwaje. Mkuu wa chuo alikohoa. Mratibu alikunja mikono mapajani.

"Kwa chaki," alisema. "Mwalimu anachora waya ubaoni, mtoto anaugusa kwa penseli. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mita. Zote ziko kabatini, umeziona. Hawa Jumatatu wanakwenda kushika umeme wenyewe."

Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho. Alimwomba arudie sehemu ya penseli. Akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, na kwa kuwa hakuficha karatasi yake mratibu aliweza kusoma: Vifaa vinatunzwa vizuri sana. Walimu ni wabunifu. Vyuo vingine vije vijifunze. Kisha akageuza kalamu na kumpa mratibu asaini mahali pake, kwenye mstari wa Nimeshuhudia, juu ya plastiki.

Mratibu alisaini. Aliona aibu. Mchana wa siku hiyo vyeti vilitolewa, navyo vimefunikwa plastiki.

Jumapili aliingia duka la vifaa vya ujenzi akanunua testa, bisibisi ile ndogo yenye taa ndani ya mpini. Bei yake ilikuwa ya soda mbili. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa mdogo wake. Cheti kilikuwa kimetundikwa sebuleni, na upande wake wa chini, palipoorodheshwa umahiri sita, tiki ya nne ilikuwa ikihangaika kwenye ukingo ulio karibu na mlango. Mdogo wake alisema inafanya hivyo tangu Alhamisi, wameshaizoea.

Alimpeleka Machachari jikoni, mbele ya soketi. Alimwonyesha mahali pa kushika na mahali pa kuweka kidole gumba. Machachari alichomeka testa na taa ndogo ikawaka.

"Umeme upo?" mratibu aliuliza.

Machachari aliitazama taa. Jibu alilofundishwa lilikuwa jingine.

"Upo," alisema.

Walizima swichi kuu, wakapima. Haupo. Wakaiwasha, wakapima. Upo. Walifanya hivyo alasiri nzima, kwenye soketi zote na taa zote, mpaka mama mtu akalalamika kwamba friji litaharibika. Waliporudi sebuleni tiki ya nne ilikuwa imerudi kwenye nafasi yake chini ya tiki ya tatu. Mratibu aligonga plastiki kwa ukucha. Haikusogea.

Jumatatu saa moja asubuhi lori la mkandarasi lilisimama mbele ya lango la chuo. Wahitimu walikuja wawili wawili, buti mpya, mashati yamepigwa pasi na mama zao. Kila mmoja alikuwa amechomeka penseli juu ya sikio. Mratibu alisimama langoni. Walipompita walimwamkia kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, mratibu."

"Marahaba."

Aliitikia marahaba thelathini. Baadhi yao walimshukuru kwa cheti. Wa mwisho alikuwa Machachari, testa ikichungulia mfukoni. Alifuata macho ya mratibu hadi kwenye zile penseli, akaelewa.

"Usijali, mama mkubwa," alisema. "Tutapokezana."

Akapanda. Mratibu alihesabu ghorofa saba, watu thelathini na mmoja, testa moja. Lori liliondoka likipiga honi, nao wakampungia mikono.

Alipoingia ndani, mfagiaji alikuwa ukumbini na kizoleo chake, amesimama upande mmoja kupisha mstari mweusi wa tiki uliokuwa ukielekea stoo. Ulitoka kwenye fomu za darasa linalofuata, ambazo hazikuwa zimefunikwa bado. Mratibu aliuruka kwa uangalifu, akaingia ofisini na kuwasha mashine ili ipate moto.

Kutoka darasani ilisikika chaki ikikwaruza ubao, kisha sauti ya mwalimu wa umeme.

"Umeme upo?"

"Haupo."