Jiwe Lililotangulia Ramani

Shemeji yangu, mume wa dada, ni msanifu majengo wa serikali. Watu humwita Bwana Ramani, na yeye hulipenda jina hilo kuliko anavyokubali. Siku aliyokuja gereji kwangu nilikuwa chini ya gari natoa giaboksi, nikaona viatu vyake vinavyong'aa vimesimama katikati ya dimbwi la oili. Nikajua ana shida. Mtu yule hakanyagi mahali bila kupaangalia kwanza.

"Shemeji," akasema, "lile lori lako la winchi linaweza kubeba jiwe?"

"Linabeba basi, litashindwa na jiwe? Jiwe gani?"

"La msingi."

Nikatoka chini ya gari.

Niseme mapema kwamba shule niliiacha ningali kwenye kaptula, na kazi ya shemeji nimeielewa kwa kumsikiliza akilalamika. Amechorea serikali tangu kijana: mahakama, posta, shule, vituo vya polisi. Ukipanda naye gari usimuulize habari za jengo lolote la umma, maana safari itageuka matanga. "Unaiona mahakama ile? Mlango niliutia kivulini. Wakasema lazima uelekee barabarani ili Mheshimiwa akipita auone. Sasa mashahidi wanaungua na jua tangu asubuhi." Mbele kidogo tena: "Ile posta ngazi niliichora ndani. Wakaitoa ili ofisi ya meneja ipate choo chake. Ngazi iko nje, mvua ikinyesha barua zinapanda juu zimelowa chapachapa." Dada alishawahi kumwambia, "Mume wangu, hebu siku moja tupite njia ambayo hukujenga kitu."

Alikuwa amebakiza jengo moja kabla ya kustaafu. Wodi ya wazazi, nje ya mji. Hili, alituambia, litasimama kama alivyolichora. Hakutaka kubwa. Alitaka jengo ambalo mama ataingia na kutoka bila kumlaani aliyelichora. "Moja tu," alimwambia dada. "Nikipata moja, nitastaafu na roho yangu."

Tatizo likawa jiwe. Huko serikalini kwao jiwe la msingi halisubiri ramani. Mheshimiwa akiwa na ziara, watu wa itifaki hutafuta mahali penye nafasi ya kufunga mahema na kugeuzia magari. Jiwe linasimikwa hapo, pazia linafunuliwa, vigelegele vinapigwa, halafu ndipo msanifu anaambiwa haya, chora. Na likishasimikwa halisogezwi, maana lina jina la mkubwa, na kulisogeza ni kama umemvuta mkubwa mwenyewe shati. Safari hii walichagua uwanja tambarare, msafi, usio na kichaka hata kimoja. Ulikuwa msafi kwa sababu kila masika maji hupita hapo yakafagia kila kitu.

"Juu yake kuna mwinuko," shemeji akasema. "Si mbali, kama kutoka hapa hadi kwa yule fundi viatu. Tunalihamisha mchana kweupe, tunalisimika vizuri, basi. Wakubwa hawarudi mpaka siku ya kukata utepe. Nani atakumbuka lilikuwa wapi?"

"Na akitokea wa kukumbuka?"

"Nitasema mimi nililikuta huko."

Sikuwahi kumsikia akipanga uongo. Nikawasha lori.

Tulilikuta jiwe peke yake kwenye mchanga, limejengewa kiguzo cha saruji kifupi, kama kigoda, pazia bado linaning'inia upande mmoja. Nilikuwa nazungusha mnyororo alipotokea mwanamke mnene mwenye ndoo. Akaitua. Nyuma yake wakaja wengine, kila mmoja na ndoo yake. Yule wa mbele alikuwa mkunga wa pale. Alikuwa akizalisha kwenye ofisi ya zamani ya ushirika, chumba kimoja.

"Baba, mnyororo huo wa nini?"

"Tunalisogeza tu, mama. Hapo juu."

"Nani kakutuma?"

Nikamwonyesha shemeji. Shemeji akatandaza ramani juu ya boneti, akaanza. Akataja mkondo, akataja mwinuko, akataja mwelekeo wa uso wa ardhi na kina cha msingi. Alisema vizuri kama redio. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akaenda akakaa juu ya jiwe.

"Sikiliza, bwana mkubwa. Mimi nikiwa msichana tuliwekewa jiwe la shule. Wakaja watu na gari kama hili, wakasema wanalisogeza kidogo. Lilisogea mpaka jimbo la pili, na shule ikalifuata hukohuko. Hili haliondoki."

"Mama, mimi ni serikali. Nakuhakikishia kwamba..."

"Hata wale walikuwa serikali."

"Kama mnalitaka, libebeni na aliyelikalia!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Winchi hiyo haimwezi," mwingine akajibu. "Labda ikamwite mama yake!"

Mkunga mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho, lakini hakuinuka.

"Mama," shemeji akasema, "hapa maji yanapita."

"Maji tunayajua. Yanapita, mwakani yanarudi. Serikali ikipita ndiyo hairudi."

Nikafungua mnyororo. Njia nzima ya kurudi shemeji hakulisema vibaya jengo hata moja, nikaanza kumwonea wasiwasi.

Akachora palepale penye jiwe. Ila aliinua. Sakafu ikae juu ya nguzo, maji yapite chini yake yaende zake, na kitanda cha magurudumu kipande kwa njia ndefu ya mteremko. Dada aliniambia alikuwa akichora huku anapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu wachumbiane.

Mluzi ulikatika wizarani. Mkurugenzi wake ni kijana ambaye shemeji mwenyewe alimfundisha kushika penseli. Kijana akaiangalia ramani, akatabasamu.

"Mzee wangu, nguzo hizi ni za hoteli ya ufukweni. Halafu ukiinua sakafu, jiwe litabaki chini. Unataka Mheshimiwa akate utepe huku jina lake liko kwenye magoti ya watu?"

Wakaishusha sakafu. Jiwe likaingizwa ukutani, pembeni mwa mlango, usawa wa macho. Shemeji alikataa kurekebisha, wakarekebisha wenyewe, na jina lake wakaliacha pale chini ya ramani kama kawaida.

Jengo likapanda. Sitadanganya, lilipendeza. Vigae vyeupe, bomba kila chumba, taa zinazowaka. Ukabaki muhuri wa shemeji kuthibitisha kwamba linafaa kutumika. Mkurugenzi alimpa mpaka Ijumaa. Akipiga, ataagwa kwa heshima ukumbini. Asipopiga, atatoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeiba karatasi.

Alitueleza hayo kwenye baraza yao, chai imepoa mkononi.

"Piga, mume wangu," dada akasema. "Umechoka." Akamwondolea kikombe mkononi. "Au usipige. Ila usiniletee humu ndani jengo jingine la kulilia. Nyumba imejaa."

"Usipopiga wewe," nikauliza, "yule kijana hatapiga?"

"Atapiga."

"Basi maji yataingia vilevile. Tofauti ni jina tu."

"Ndiyo," akasema. "Maisha yangu yote ya kazi tofauti imekuwa hiyo tu."

"Si ukawaambie wale wanawake?"

"Niliwaambia! Ulikuwepo!"

"Nilikuwepo, shemeji. Nimezaliwa na Kiswahili mdomoni, na siku ile sikuambulia kitu."

Alinikasirikia. Aliinuka akaingia ndani, na dada akanikata jicho kwamba nimemmaliza mtu ambaye tayari amekwisha. Lakini asubuhi shemeji alikuwa gereji kabla sijafungua, amekaa kwenye tairi.

Tulikwenda wodini kwa lori, mkunga akatupokea kwa furaha. Alikuwa na funguo zote kiunoni, zinalia akitembea. Akatuzungusha. Akafungua mabomba tuone maji yanavyotoka, akazima na kuwasha taa. Benchi la nje lilikuwa na wajawazito waliokuja kuangalia tu, wameegemea ukuta mpya kama ndugu wa bibi harusi. Mwisho akatuingiza chumba cha kujifungulia, mbele kabisa, karibu na mlango.

"Mungu akubariki, baba," akamwambia shemeji. "Siku ile nilikudhania mwizi wa jiwe."

 Shemeji akainama, akaweka kiganja kwenye vigae vya ukutani, juu kidogo ya goti.

"Mama, masika maji yatafika hapa. Yatakuja kwa ghafla, kabla hujapata wa kukusaidia kumwinua mtu kitandani."

Funguo zikaacha kulia.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema jiwe," mkunga akasema. "Hukusema mtoto."

Shemeji akaondoa kiganja ukutani.

"Mimi nilijua maji yatalowesha ngazi. Tuvue viatu, tupite. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Ungesema mtoto ningeinuka kwenye lile jiwe, wallahi, ningelibeba mwenyewe!" Akauonyesha mlango. "Sasa umenijia na nini? Nikatae jengo? Hawa walioko nje niwarudishe ushirika, tuzalie tunashikiana tochi?"

"Sitaki ukatae."

"Basi maneno. Umeniletea maneno tena."

"Nimekuja uniambie la kufanya," shemeji akasema. "Nitafanya utakalosema."

 Mkunga akauliza, "Chumba gani hakitaingia maji?"

Shemeji hakufungua ramani. "Stoo ya nyuma. Ardhi inapanda pale, niliiweka juu kwa vidato viwili. Hawakuigusa. Hakuna mkubwa anayekagua stoo."

Tukaenda. Kulikuwa na mifuko ya saruji iliyobaki na ndoo za rangi. Chumba kilikuwa kikubwa cha kutosha, na mkunga alikipima kwa kutembea, mikono kiunoni. Lakini hakikuwa na dirisha. Alipoufunga mlango kujaribu, sote watatu tukawa gizani, joto limetukaba, kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake. Akaufungua haraka.

"Humu mtu atakata roho kabla hajasukuma," akasema. "Toboa."

"Jengo halijakabidhiwa, mama. Nikivunja ukuta leo, huko si kustaafu, ni kufukuzwa. Wanaweza kunishitaki kwamba nimeharibu mali ya umma."

"Umesema utafanya nitakalosema."

"Nimesema."

"Na mimi nimeshasema."

Shemeji akaugeukia ukuta. Nilimhurumia, si uongo. Mtu huyu hajawahi hata kuchelewa kazini. Watu wa ofisi yake walikuwa wameshamchagulia zawadi, dada alijua mpaka rangi ya blanketi. Nikadhani atasema twende tukafikirie. Badala yake akaokota kipande cha tofali sakafuni, akasogea, akachora dirisha kwenye plasta. Si dogo la kwenye karatasi. Lenyewe, ukubwa wake, mistari myekundu imenyooka bila rula.

"Hivi?"

Mkunga akainamisha kichwa. "Lipandishe. Nataka aliyelala aone nje, lakini wanaopita wasimwone."

Akachora upya juu ya lile la kwanza. "Hapa?"

"Lipanue huku. Bado. Haya, hapo."

Nikaenda kwenye lori kuleta nyundo kubwa na patasi. Niliporudi nikamwambia, "Shemeji, nikipiga hili, hakuna kurudi nyuma. Hapafutiki hapa."

"Lete. Nianze mimi."

Akavua koti, akamkabidhi mkunga. Pigo la kwanza lilikwenda kombo, likabandua plasta tu na nyundo nusura imwangukie mguuni. Nikamwonyesha pa kushika. Pigo la pili lilisikika mpaka nje, maana wale wa kwenye benchi walianza kuingia mmoja mmoja, mikono kwenye matumbo, wanauliza kuna nini. Hakugeuka. Vumbi lilimjaa kichwani akawa mzee kweli. Akapiga tena, na tena, tofali likalegea, mwanga mwembamba kama kisu ukaingia.

Hapo simu ikaita ndani ya koti. Mkunga akaitoa, akasoma jina kwenye kioo.

"Mkurugenzi," akasema.

Shemeji alisimama, nyundo imening'inia, jasho linamchuruzika kidevuni. Alimwangalia mkunga, akaniangalia mimi. 

"Pokea wewe, mama," akasema. "Usimfiche kitu."

Mkunga akaiweka simu sikioni.

"Haloo? Ndiyo, yupo. Hapana, hawezi kuja kwenye simu." Akasogea kupisha kifusi. "Anavunja ukuta."